Kiongozi na Saa Aliyo Nayo

Tunapomchagua mwenyekiti wa kijiji, au mzee wa kanisa, au mtu wa kutunza fedha za ushirika, twauliza maswali mengi. Twauliza kama ni mwaminifu, kama ajua kusema mbele ya watu, kama ana akili ya kupanga kazi, kama mikono yake haipendi rushwa. Maswali hayo ni mema, na yatupasa kuyauliza. Lakini liko swali moja ambalo ni nadra kulisikia: Je, mtu huyu huwapo mahali alipo? Mtu wa haraka atacheka, aseme ya kuwa kila mtu yupo alipo, wala hawezi kuwa penginepo. Hata hivyo sisi sote twajua ya kuwa sivyo. Mwili waweza kukaa kitini barazani kutoka asubuhi mpaka adhuhuri, na mwenyewe akawa hayumo.

Katika habari hizi nataka tufikiri pamoja juu ya neno moja. Mtu aliyepewa mzigo wa kuongoza wenzake, je, ana ruhusa ya kusimama katika mambo madogo ya kila siku, ayaangalie na kuyafurahia? Au kufanya hivyo ni kuwapotezea watu wakati wao? Wako wenye busara wasemao hili, na wako wenye busara wasemao lile. Basi yafaa tuwasikilize wote kabla ya kukata shauri.

Watu wa upande wa kwanza husema ya kuwa kiongozi amewekwa ili aone mbali. Wengine wakila, yeye na ahesabu yaliyobaki ghalani. Wengine wakishangilia mavuno, yeye na awaze mvua za mwaka ujao. Akisimama njiani kutazama watoto wanaocheza, au akikaa kitako na wazee wacheza bao, ni nani atakayeutengeneza mfereji? Hao hushika methali isemayo, Akiba haiozi. Wala hawasemi upuuzi, maana kijiji kikiongozwa na mtu asiyeona zaidi ya leo, kitalia njaa kabla mahindi mapya hayajakomaa.

Watu wa upande wa pili hujibu kwa methali nyingine, Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Husema ya kuwa kiongozi akaaye siku zote katika mambo yajayo huwaongoza watu ambao bado hawajaja, akawaacha waliopo. Ahadi zake ni nyingi, na zote ni za kesho. Nayo kesho ikifika, yeye amekwisha kuhamia kesho nyingine.

Methali hizi mbili zaonekana kugombana, lakini nadhani ni ndugu wa tumbo moja. Na tuulize, akiba huwekwa siku gani? Huwekwa leo. Hakuna mtu aliyepata kuweka hata debe moja la mahindi katika siku ya kesho. Tena, ni mkulima gani aonaye mbali? Si yule asimamaye pembeni mwa shamba akiota bei ya gunia. Ni yule ainamaye, akageuza jani la mahindi, akaona mayai ya viwavi yakingali hayajaanguliwa. Yeye ameiona njaa ya miezi mitano ijayo, naye ameiona chini ya jani moja, asubuhi moja, kwa sababu macho yake yalikuwa pale mikono yake ilipokuwa. Basi kuwapo si adui wa kuona mbali. Atakaye kuona mbali hana budi kuanza na kilicho karibu.

Wala tusidhani ya kuwa ugonjwa wa kuwa mbali na watu walio karibu ulikuja na simu hizi tulizo nazo mikononi. Ni ugonjwa wa kale sana. Mwandishi wa Kirumi aitwaye Suetonius, aliyeandika habari za watawala wa Roma mwanzoni mwa karne ya pili baada ya Kristo, asimulia jambo dogo lenye mafundisho makubwa. Desturi ya mji ule ilikuwa mtawala kukaa pamoja na raia akitazama michezo. Julius Caesar alipokwenda kwenye michezo alichukua barua na maombi ya watu, akawa akiyasoma na kuyajibu pale pale. Watu wa kawaida walimlaumu kwa hayo. Mrithi wake, yule Kaisari Augusto ambaye tumemsoma katika Injili kwa habari ya kuandikwa watu, aliikumbuka lawama ile. Yeye alipokuwa kwenye michezo hakufanya neno jingine lolote, bali alitazama tu. Suetonius asema ya kuwa labda aliogopa kulaumiwa, au labda alifanya hivyo kwa sababu alipenda kutazama, kama mwenyewe alivyokiri mara nyingi. Na siku ambazo hakuweza kukaa, aliomba radhi, akaweka mtu wa kusimamia mahali pake.

Michezo ile siisifu, maana mingi ilikuwa ya kumwaga damu. Lakini fikirini lawama ile ya raia. Caesar angaliweza kujitetea vizuri, akasema, "Ninyi mwanilaumu kwa nini? Barua hizi si za anasa. Ni shida za watu, nami nafanya kazi yenu." Maneno hayo yangalikuwa ya kweli, lakini raia hawakukosa waliponung'unika. Mwenye barua alikuwa mbali, nao walikuwa karibu, na kwa kuinamisha macho yake mtawala aliwaambia bila kufumbua kinywa, "Ninyi si kitu mbele ya karatasi hii." Mtu hatamani kutendewa kazi tu, atamani pia kuonekana. Mtoto apewaye chakula na mama asiyemtazama hushiba tumbo, lakini huondoka na njaa nyingine.

Tena, kuwapo si adabu tu. Ni chombo cha haki. Mfikirini mjane aletaye shauri la mpaka wa shamba mbele ya mwenyekiti. Mwenyekiti huyu ni mtu mwema, hana rushwa, ila simu yake yalia kila mara, naye aitazama. Maneno ya mjane ayasikia yote, hata akiulizwa aweza kuyarudia. Lakini hakuona ya kuwa kila likitajwa jina la shemeji yake mama huyu hukatiza maneno na kushika kanga yake. Hakuona ya kuwa shemeji mwenyewe amesimama chini ya mwembe, mahali ambapo macho yake yamfikia. Mambo hayo hayaandikwi katika daftari la shauri, wala hakuna shahidi atakayeyasema. Huonwa na mtu aliyepo, na asipokuwapo hupotea kabisa. Basi hukumu itatolewa kwa maneno yote yaliyosemwa, nayo itakuwa hukumu ya uongo.

Sisi walimu tunalo somo la jambo hili kila asubuhi. Mwalimu afungua daftari la mahudhurio, aita majina, na watoto waitika mmoja mmoja, "Nipo." Mwalimu ambaye macho yake hayaondoki karatasini ataandika ya kuwa wote wamehudhuria, na hesabu yake itakuwa sahihi. Lakini yule ainuaye macho katika kila jina husikia ya kuwa leo sauti ya mtoto mmoja ni nyembamba kuliko jana, aona midomo iliyokauka, ajua ya kuwa nyumbani kwao hawakupika. Kazi ni ile ile, na wakati uliotumika ni ule ule. Tofauti ni kwamba kwa mmoja watoto peke yao wameitika, na kwa mwingine mwalimu naye ameitika.

Hata hapa nimesema habari za kuangalia. Sasa tuje kwenye kufurahia, maana hili ndilo watu wengi wanalolitilia shaka. Waweza kukubali ya kuwa kiongozi yampasa kuangalia. Lakini je, yafaa pia afurahie mambo madogo, hali mizigo ya watu ni mikubwa?

Yuko mtawala mwingine wa Roma, Marcus Aurelius, aliyetawala toka mwaka 161 hata mwaka 180. Miaka yake ilikuwa ya taabu: tauni ilienea katika nchi zake, na vita vikali vilimshika kando ya mto Danube. Katika vita hivyo alikuwa akijiandikia mawazo yake kwa lugha ya Kiyunani, si ili yasomwe na watu, bali ili ajionye mwenyewe. Sehemu moja yatajwa kuwa iliandikwa Carnuntum, ngome ya jeshi kando ya mto ule. Katika maandiko hayo asema habari za mkate. Mkate ukiokwa, ngozi yake hupasuka hapa na pale. Mwokaji hakukusudia nyufa hizo, hata hivyo zina uzuri wake, nazo humtia mtu hamu ya kula. Hali kadhalika tini zilizoiva sana hupasuka, na masuke ya ngano huinama kwa uzito. Naye aona ya kuwa mtu mwenye moyo wa kuangalia atapendezwa na hayo yote. Fikirini, mtu mwenye majeshi na tauni na hazina iliyopungua, naye amepata nafasi ya kutazama ufa wa mkate! Nasi tunayo ya kwetu: ukoko wa wali chini ya sufuria, muhogo wa kuchoma unaopasuka majivuni, suke la mtama linaloinama asubuhi.

Je, huo ni upuuzi? La, ni ukuta wa kumlinda kiongozi. Mtu ambaye hana furaha katika mambo ya kila siku hana budi kuitafuta furaha penginepo, na kiongozi akiitafuta penginepo, wanaolipa ni watu. Atataka vigelegele kila afikapo. Atataka nyumba ipitayo nyumba zote, na gari litimualo vumbi kuliko mengine. Hayo hayamshibishi, basi atataka zaidi, na fedha ya ushirika iko karibu na mkono wake. Lakini yule apendezwaye na maji ya mtungi baridi, na salamu ya mzee njiani, na harufu ya udongo mvua inapoanza, amekwisha kupokea mshahara ambao haukutoka katika mfuko wa mtu yeyote. Si rahisi kumnunua, kwa kuwa hana njaa kuu.

Hata hivyo, ndugu msomaji, simwachi Marcus hapo, maana habari yake ina upande wa pili, nao watuhusu sana sisi Wakristo. Katika siku za mtawala huyo huyo Wakristo waliuawa. Mjini Roma, yapata mwaka 165, aliuawa Justin pamoja na wenzake. Na hakimu aliyewahukumu alikuwa Junius Rusticus, mwalimu ambaye Marcus mwenyewe anamshukuru katika maandiko yake. Katika mji wa Lyon, ulioko Ufaransa, mwaka 177, waliteswa na kuuawa wengine wengi, miongoni mwao msichana mtumwa, jina lake Blandina. Barua ya Wakristo wa huko, iliyohifadhiwa na Eusebius, yasema ya kuwa gavana aliandika kuuliza shauri la Kaisari, na jibu likarudi ya kuwa wanaokana waachiliwe, na wanaoshikilia wauawe.

Yawezekanaje macho yaliyouona ufa wa mkate yasimwone Blandina? Nimefikiri sana juu ya jambo hili, na naona jibu moja. Mkate ulikuwa mbele yake, na watu wa Lyon walikuwa katika barua. Hakusikia sauti zao wala hakuona nyuso zao. Aliona swali la kiserikali, akalijibu kama maswali ya kiserikali yajibiwavyo. Basi tujifunze ya kuwa kufurahia saa iliyopo, peke yake, hakumfanyi kiongozi kuwa mwenye haki. Mtu aweza kuipenda asubuhi, na chai yake, na ndege waliao mtini, kisha akatia sahihi karatasi ya kuwafukuza watu katika mashamba yao. Kuwapo kwa kiongozi hakuna budi kufika kwa watu, tena hasa kwa wale ambao amri yake itawagusa.

Hapo mtu ataniuliza, "Mwalimu, yawezekanaje mtu mmoja kuwapo kwa watu elfu?" Swali hili ni la haki, nalo lina jibu la zamani. Tumesoma katika kitabu cha Kutoka ya kuwa Musa alikaa kuwaamua watu toka asubuhi hata jioni, watu wamesimama wakimngojea, hata Yethro, mkwewe, alipoona hivyo akamwambia ya kuwa atajichosha bure yeye na watu pia. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, na wa mamia, na wa hamsini, na wa makumi. Wengi husoma habari hii kama shauri la kupunguza kazi. Nami naona ni shauri la kuongeza kuwapo. Mkuu wa watu kumi aweza kuzijua nyuso kumi. Na Musa, akiletewa mashauri magumu tu, aweza kumwangalia aletaye shauri bila kuitazama safu ndefu iliyo nyuma yake. Kiongozi ashikaye kila kitu kwa mkono wake ajiona yupo kila mahali, kumbe hayuko hata mahali pamoja.

Katika nchi yetu uko mfano ambao wengi mnaujua. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mwalimu Nyerere akiwa Waziri Mkuu. Mwezi wa Januari 1962, kabla miezi miwili haijatimia, alikiacha kiti hicho, akamwachia Rashidi Kawawa, ili yeye apate kwenda kwa watu na kukijenga chama. Watu wengi walishangaa, maana kwa desturi watu hupanda kutoka kwa raia kwenda kwenye kiti, nao hawashuki kutoka kitini kwenda kwa raia. Tena mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alitembea kwa miguu kutoka Butiama mpaka Mwanza, mwendo wa siku kadhaa. Gari lingalimfikisha upesi zaidi. Lakini apitaye kwa gari huona kijiji kama ukuta upitao dirishani, na aendaye kwa miguu huona mlango, na mtu aliyesimama mlangoni.

Lakini hapa pia tuseme kweli yote. Kati ya mwaka 1973 na mwaka 1976, chini ya kiongozi huyo huyo, watu wengi walihamishwa kwenda katika vijiji vipya. Wengine walikwenda kwa hiari, na wengine kwa nguvu. Mahali pengine nyumba zilichomwa. Wako wazee walio hai wanaoikumbuka miti ya matunda waliyoiacha. Nia ilikuwa kuwapelekea watu shule na maji na zahanati, na nia hiyo ilikuwa njema. Lakini kazi hiyo ilifanywa kwa tarehe za mwisho na hesabu za vijiji, na mzee mwenye mwembe wake hakuwa na mahali katika hesabu.

Sisemi haya ili kumshusha mtu ambaye twamheshimu. Nasema kwa kuwa hapa ndipo ugumu wa jambo lote ulipo. Akiba haiozi, lakini kuwapo hakuwekwi akiba. Mtu aliyewasikiliza watu mwaka jana hawezi kulitumia sikio la mwaka jana kusikia shida ya mwaka huu. Aliyetembea jana kwa miguu, leo akipita kwa gari, leo haoni. Kila siku huja na haki yake ya kuangaliwa, na aliyeangalia vema jana hana ruhusa zaidi ya mwenzake ya kufumba macho leo.

Basi yatupasa kufanya nini, sisi tulio viongozi wadogo wa nyumba, na madarasa, na vikundi, na vitongoji? Mimi naona mambo matatu, nayo si magumu kuelewa. La kwanza, ukimsikiliza mtu, weka chini kila kitu kingine. Na kama huna nafasi, mwambie waziwazi, uombe radhi, na umweke mwingine wa kusikiliza mahali pako, kuliko kumpa masikio bila moyo. La pili, kabla ya kutoa amri itakayowagusa watu, nenda ukaketi katika nyumba moja angalau ya wale itakaowagusa. Nawe usiende na karatasi mkononi. Penye msiba fanya vivyo hivyo: keti mkekani pamoja na wafiwa, usiwe mtu wa kuandika jina lake katika daftari la rambirambi na kuondoka. La tatu, usiku kabla ya kulala usijiulize tu, "Leo nimefanya nini?" Jiulize pia, "Leo nimemwona nani?" Usipopata uso hata mmoja wa kuutaja, ujue ya kuwa siku hiyo ilikupita, ijapokuwa kazi zote zilikwisha.

Nimeandika kama nionavyo mimi. Najua wako wenzangu walioongoza watu wengi kuliko darasa moja, na pengine wataona ya kuwa nimeyarahisisha mambo. Wakiona hivyo, na waandike, nasi tutasoma kwa furaha na kuangalia.